Upande wa Pili wa Shuka

Hawe, yaani bibi yangu mzaa baba, aliniita mke mwenza tangu sijajua kutembea. Kwetu Wagiriama bibi na mjukuu wake wa kike ni watani, na utani wenyewe huanzia hapo: mume ni mmoja, ambaye ni babu, nasi tunamgombania. Nikichelewa kumletea maji, aliniuliza nilikuwa nimejificha wapi na mume wake. Nikivaa nguo mpya alisema najipamba nimwibie. Babu alikuwa amefariki kabla sijazaliwa, lakini utani haukujali jambo dogo kama hilo. Nilikua nikimjua kama mtu anayeweza kuibwa.

Siku hizi nafanya kazi Nairobi, na mara nyingi naingia kwenye ukumbi wa mikutano nakuta watu wazima wameizunguka projekta, mmoja anatikisa kebo, mwingine anauliza nani aliigusa mara ya mwisho. Feni inapoanza kuvuma na ile harufu ya vumbi linalopata moto kutoka, mimi huwa sipo tena pale. Nipo Garsen, ukumbi wa kanisa, alasiri ya joto, madirisha yamezibwa kwa mikeka na magunia. Hawe ameketi mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti, akimngoja mume wetu.

Boma letu la zamani lilikuwa ng'ambo ya mto. Babu na hawe walitoka kusini, upande wa Malindi, wakiwa vijana wanaotafuta mahali pa kulima, wakaona udongo wa Tana wakasema hapa hapa. Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni mto ulipanda ukaingia bomani, ukakaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Ulipoondoka ulikuwa umechukua nyumba zote za udongo, na mahali pake umeweka tope lililokauka likawa sakafu moja, kutoka ukingoni hadi mbali. Watu wetu walikuwa wamehamia Garsen, sehemu ya juu kando ya barabara, na hakuna aliyetaka kurudi kuishi kule.

Hawe naye hakutaka kurudi. Alitaka kitu kimoja tu kutoka kule, nacho ni koma ya babu.

Koma ni kigingi cha mti kinachosimamishwa kwa ajili ya mtu aliyefariki. Hufungwa kitambaa, na siku za kumkumbuka mwenyewe humwagiwa tembo la mnazi kidogo na kuelezwa habari za nyumbani. Haking'olewi. Watu wakihama, desturi ya nyumba yetu ni kuchota udongo palepale kiliposimama, na kwa udongo huo kigingi kipya hupandwa kwenye boma jipya. Udongo wa hatua chache pembeni haufai. Ukichota pembeni, alisema hawe, hujamhamisha mtu, umebeba udongo tu, na yule mzee atabaki kule peke yake na viboko.

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi na shahada na maswali mengi kuliko kazi. Nilimuuliza hawe: kama babu ni roho, roho haiwezi kuja yenyewe mpaka Garsen?

"Alipokuwa hai hakuwa akivuka mto bila kushikwa mkono," alisema. "Alikuwa mwoga wa maji ajabu. Amekufa ndiyo awe hodari?"

Chuoni hawakutufundisha hilo.

Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyejua mahali penyewe. Kitu pekee kilichobaki kimesimama bomani ni mkoche mmoja, ule mnazi wa porini, wenye vichwa viwili. Baba, ambaye alikuwa akifanya kazi Malindi, alisema kwa simu kwamba ukiupa mto mgongo, koma ilikuwa mkono wa kulia wa mkoche. Baba mdogo alisema kushoto. Walibishana kwenye simu mpaka salio likawaamua. Hawe alipelekwa kwa mtumbwi akaone mwenyewe, akazunguka juu ya lile tope na fimbo yake. Njia haikuwepo, jiko lake halikuwepo, zizi la mbuzi halikuwepo. Mama aliyefuatana naye alinisimulia kwamba alisimama akasema ni kama kuonyeshwa watoto waliofunikwa gubigubi na kuulizwa wako ni yupi. Kisha akapanda mtumbwi, uso umemlegea, akitazama maji tu mpaka Garsen. Na vuli ilikuwa inakaribia. Mvua zikianza, mto ungeweza kupita tena na kuongeza tope jingine juu ya lile.

Ndipo nikakumbuka video. Miaka kadhaa kabla ya mafuriko shangazi aliolewa kijiji cha Hewani, na baba alipiga video kwa simu siku bibi harusi alipotolewa nyumbani, akaihifadhi kwenye laptopu yake ya zamani, ile aliyoniachia nilipokwenda chuo. Niliitazama. Boma lote lilikuwemo: nyumba, jiko, mkoche, wanawake wanacheza, kayamba zinalia. Vigingi navyo vilikuwemo, vingi mno. Kulikuwa na zizi la mbuzi, ua, kamba ya kuanikia nguo, na kila kitu kilikuwa kimeshikiliwa na kigingi. Mimi sikuwahi kwenda kwenye koma. Utotoni niliogopa, na ukubwani nilijiona nimevuka mambo hayo. Kwa hiyo sikuweza kukitambua, na baada ya ule ubishi hawe aliamini jicho lake tu.

Nilimfungulia hawe. Aliusogeza uso wake mpaka kioo kikapata ukungu wa pumzi, akasema anaona nyuki wa rangi. Macho yake yalikuwa yamechoka siku nyingi. Vitu vikubwa alivitambua bado, mtu alimjua kwa mwendo, lakini kilichokuwa kidogo kuliko kuku kilikuwa kimemtoka duniani. Alihitaji boma kubwa. Na Garsen nzima nilijua projekta moja ambayo tungeweza kupewa bila kuulizwa mengi.

Ilikuwa kanisani, chini ya ulinzi wa mjomba. Kaka yake mama alikuwa mzee wa kanisa na ndiye aliyeshika ufunguo wa ukumbi. Alikuwa pia mtu aliyewahi kusimama mbele ya waumini akasema mambo makali juu ya koma. Nilimweleza yote, kwa sababu sikuona faida ya kudanganya. Alinisikiliza huku akifuta miwani.

"Umesema mna video ya harusi," alisema.

"Ndiyo, mjomba, lakini hawe anataka..."

"Harusi ni jambo jema. Ukumbi nitawafungulia. Hayo mengine, mwanangu, sikuyasikia."

Ule ukumbi ndio uliokuwa makao ya watu wakati wa mafuriko. Mama na hawe waliishi humo pamoja na familia nyingine nyingi, kila moja na kipande chake cha sakafu. Ukutani palikuwa na mstari wa matope kimo cha goti, ulioachwa na maji kabla watu hawajahamia humo, na juu ya vichwa vyetu bado zilipita nyaya, kutoka ukuta hadi ukuta, ambazo watu walitundikia leso ili kila mtu apate faragha. Nyaya hizo sikuzitilia maanani hata kidogo. Nilikuwa namtazama mjomba akiitoa projekta kabatini, imefungwa kwenye gunia kama jogoo wa kupelekwa sokoni.

Vitufe vyake vilikuwa vimekufa, unyevu umeingia ndani. Kilichoitika ni kile cha kuwashia tu. Rimoti haikuwepo. Mjomba alisema ilikwenda na maji, mama akasema ilikwenda na kijana wa misaada aliyekuwa akiwaonyesha filamu kambini. Nilitundika shuka langu la bwenini ukutani kwa misumari, jeupe lenye mstari mmoja wa buluu pembeni, nikaweka projekta mezani, nikachomeka kebo ile ya zamani yenye kichwa cha vijipini, nikawasha.

Shuka likawa buluu, na katikati likatokea sanduku la maandishi likisema hakuna kinachoingia. Nikachomoa, nikachomeka, nikakaza skrubu za pembeni. Bado hakuna kinachoingia. Nikazima vyote viwili, nikawasha projekta kwanza na laptopu baadaye ili ipate kumwona mwenzake inapoamka, na hapo shuka likajaa kijani.

Ilikuwa picha ile inayokuja na kompyuta: kilima cha nyasi, mbingu, mawingu mawili matatu. Tena ilikuwa imepinduka. Kilima kilining'inia juu na mbingu ilikuwa chini.

"Hapa ni wapi?" hawe aliuliza.

"Si mahali, hawe. Ni picha tu ya kompyuta."

"Nyasi zote hizo na hakuna ng'ombe hata mmoja. Waorma na mifugo yao hawajapaona."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka, nilikuwa na matatizo mawili kwa pamoja na nilitaka kuanza na lile ninalolijua. Kilima kitupu bila video maana yake laptopu inaichukulia projekta kama meza ya ziada, si kama kioo cha kuonyesha kile kile kilichopo kwake. Unabonyeza kitufe cha dirisha pamoja na P, unachagua kurudufisha. Nikabonyeza. Kilima kikaondoka, boma likaja.

Lilikuja limesimama kwa kichwa, na lilikuwa la manjano. Shangazi na shela lake, wanawake na leso zao, kuta, mbuzi, wote walikuwa na rangi moja, rangi ya Tana wakati mto umejaa. Mjomba alisema mafuriko yameingia mpaka ndani ya waya. Hakuwa amekosea sana. Nilipokichomoa kichwa cha kebo nilikuta kipini kimoja kimelala, na ndicho kilichokuwa kikibeba buluu. Ukiondoa buluu kwenye dunia inabaki Tana. Mama alikuwa na sindano kwenye pindo la leso, nikakiinua kipini taratibu. Nilipochomeka tena, shela la shangazi likawa jeupe, na hawe akasema, "Aaa," kama mtu aliyepewa maji.

Lakini boma lilikuwa bado limepinduka. Lilionekana kama kivuli kwenye maji yaliyotulia, mkoche wenye vichwa viwili ukiota kuelekea chini. Hawe aliinamisha kichwa bega hili, akakiinamisha bega lile, akasema shingo yake haikuumbwa kwa kazi hii. Kurekebisha kulihitaji menyu, menyu ilihitaji vitufe, na vitufe vilikuwa vimekufa. Basi nikafanya lililobaki: nikaibinua projekta yenyewe. Nikaiweka miguu juu kama kobe aliyepinduliwa, nikaiinua kwa vitabu vya nyimbo vilivyokuwa karibu.

Mjomba alikuja, akavichomoa vitabu kimoja kimoja, akatoka nje, akarudi na matofali.

"Tumia haya," alisema. "Vitabu havikualikwa kwenye harusi."

Sasa boma lilisimama wima. Lilikuwa kubwa, lina rangi zake, na kayamba zilisikika kutoka kwenye vispika vidogo vya laptopu. Nilitamani niseme kazi imekwisha. Lakini nilikuwa nimeshaona majina ya mafaili sehemu ya chini ya shuka na maneno kwenye leso ya mwanamke aliyecheza mbele. Herufi zote zilikuwa zimegeuka, kama unavyoziona kwenye kioo. Kulia kulikuwa kushoto. Ndilo jambo lililonikera kuliko yote: ile picha ya kwanza, iliyosimama kwa kichwa, ilikuwa na kulia na kushoto kwa haki. Ilipokaa sawa, ya kupendeza macho, ndipo ilipoanza kusema uongo.

Nilimwambia mjomba.

"Leo hatukuja kusoma," alisema. "Picha ni picha."

Hawe alikuwa ameinuka. Alilikaribia shuka, na kila alipolikaribia kivuli chake mwenyewe kililifunika boma, akawa anaona mgongo wake tu mweusi juu ya nyumba zake. Akarudi nyuma, akasimama.

"Jiko langu linafanya nini huko?" aliuliza.

Nilijaribu kumweleza. Hawe, picha imegeuka, unachokiona kulia kilikuwa kushoto, wewe kigeuze tu kichwani. Alilinyooshea shuka fimbo.

"Nigeuze jiko. Nigeuze mkoche. Nigeuze na yeye pia? Mke mwenza, mimi nataka kumtafuta mtu nyumbani kwangu, na wewe unanipeleka kwa jirani."

Akaketi. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliuweka uso ule ule ambao mama alikuwa amenisimulia, wa kwenye mtumbwi. Nilijua kinachofuata. Angesema basi, tumejaribu. Baba angesema kulia, baba mdogo angesema kushoto, mvua ingekuja.

Ningekuwa na mtandao ningepakua programu ya kuigeuza video. Siku hiyo simu yangu ilitafuta mtandao mpaka ikapata joto. Kwa hiyo nikafanya ninachofanya nikikwama, nikaanza kuuliza. Mtu gani mwenye akili anaitengeneza projekta itoe picha iliyogeuka? Lazima kuwe na mahali ambapo picha hiyo ni sahihi. Nani aliiweka hivi, na alikuwa amesimama wapi?

Nilikuwa nikijiuliza kwa sauti, maana mama alijibu. Alikuwa ameegemea ukuta akiitazama projekta, miguu yake minne midogo ikielekea darini.

"Hivyo ndivyo ilivyokuwa kambini," alisema. "Miguu juu. Wanaume waliifunga kwenye boriti pale."

Bila shaka. Mto ukija, watu wa kwetu hupandisha kila kitu. Magunia ya mahindi, masufuria, kuku, godoro, Biblia, kila kitu kinafungwa juu, na kitu kikifungwa juu watu wanatulia. Hakuna mtu wa delta ambaye angeiacha mashine ya kanisa mezani wakati maji yako mlangoni. Yule kijana wa misaada aliikuta inaning'inia, akaipangia picha kwa namna inavyoning'inia. Hilo lilieleza kupinduka. Halikueleza kugeuka.

"Na nyinyi mlikuwa mnakaa wapi, mama?"

"Sisi kule." Akaonyesha nusu ya pili ya ukumbi. "Upande huu walilazwa wagonjwa. Shuka lilikuwa kwenye waya, katikati."

"Yaani projekta ilikuwa huku na nyinyi mko nyuma ya shuka?"

"Nyuma? Sisi tulikuwa mbele. Wagonjwa ndio walikuwa nyuma."

Nilipandisha macho kwenye ule waya. Kisha nikalishusha shuka ukutani kwa pupa hadi likachanika kidogo kwenye msumari, nikalitundika katikati ya ukumbi kwa vibanio vya nguo ambavyo bado vilikuwa vimeng'ang'ania huko juu tangu siku za kambi, nikaigeuza meza ielekee kwenye waya. Mama alimshika hawe mkono, wakainama, wakapita chini ya shuka. Nikapitisha kiti. Mjomba alibaki upande wa mashine. Alisema ataichunga isipate moto, na nikaelewa kwamba alikuwa amechagua upande ambao hata akiona kitu, atakuwa amekiona kinyume.

Nikainama nikapita na mimi.

Sijui nilitegemea nini. Nilikuwa nimeiona video ile mara nyingi. Lakini kwenye laptopu ilikuwa ni video, na pale, mwanga ukija kutoka nyuma ya kitambaa, lilikuwa boma. Maneno kwenye leso yalisomeka. Jiko lilikuwa mahali pake, mlango wake mdogo, jivu lililomwagwa pembeni pale tulipokatazwa kukanyaga. Nililiona jiwe nililokuwa nikikalia nikimenya maembe. Shuka lilitikisika kidogo kwa upepo uliopenya kwenye mikeka, na boma lote likatikisika nalo, kisha likatulia. Ni hapo tu nilipojua kwamba mahali pale pametoweka. Nilikuwa nimeambiwa, nilikuwa nimekubali, nilikuwa hata nimewaeleza wenzangu chuoni habari za mafuriko na mito inayohama. Lakini sikuwa nimelijua.

Hawe hakumtazama bibi harusi. Hakujitazama hata yeye mwenyewe alipopita akicheza, ana nguvu, bila fimbo. Alitazama pembeni mwa picha, kama mtu anayengoja fulani atokee nyuma ya nyumba.

"Simamisha."

Nilipita chini ya shuka mbio, nikasimamisha, nikarudi. Hawe alikuwa ameshainuka. Alilisogelea shuka, na safari hii hapakuwa na kivuli, kwa kuwa mwanga ulikuwa unamjia. Aliweza kufika mpaka kwenye kitambaa chenyewe. Aliweka kiganja juu ya ukuta wa jiko, akakishusha polepole, akapita mlango, akapita rundo la kuni, akafika kwenye vigingi vile nilivyovihesabu vyote kuwa vya zizi. Kimoja kilikuwa kifupi kuliko wenzake na kilikuwa kimejitenga kidogo. Shingoni mwake palikuwa na alama nyeupe ambayo mimi niliidhani ni kasoro ya picha.

"Huyu hapa," alisema. Halafu, bila kugeuka: "Mke mwenza, njoo umwamkie mume wako."

Nilikwenda nikasimama kando yake. Sikujua mtu humwamkia vipi kigingi kwenye shuka. Nikasema shikamoo. Hawe akasema mume wetu hasikii vizuri siku hizi, niongeze sauti, nikaongeza, na upande wa pili wa shuka mjomba akakohoa kikohozi kirefu cha mtu asiyekuwepo.

Mama alitoa pini kwenye leso yake akaichomeka kwenye kitambaa, palepale penye kidole cha hawe, kabla hajakiondoa. Kisha tukapima kwa macho: kutoka kwenye mkoche, kushoto ukiupa mto mgongo, umbali kama wa kutoka mkoche hadi mlango wa jiko na kidogo zaidi. Kushoto. Baba mdogo alifurahi mno. Baba, ambaye video aliipiga mwenyewe, alisema kwenye simu kwamba video imekosea.

Tulivuka siku chache baadaye, tukiwa na jembe, sufuria ndogo yenye mfuniko, na shuka lenye pini ambalo hawe alikataa liachwe. Baba mdogo alichimba mahali tulipopima. Tope la juu lilikuwa gumu kama chungu, la chini laini na la baridi. Alichimba, akasogea, akachimba tena, na jembe likagonga mti. Akachimbua kwa mikono mpaka kikaonekana kichwa cha kigingi, cheusi, kimelowa. Kitambaa hakikuwepo.

Mimi nilichuchumaa nikakitazama. Zizi la mbuzi lilikuwa hapo karibu. Mto ulikuwa umebeba magogo kutoka juu huko Nanighi na kwingineko na kuyapanda popote ulipopenda. Kipande cha mti chini ya tope ni kipande cha mti.

"Hawe," nikasema, "unajuaje kuwa ndicho chenyewe?"

Baba mdogo alinikazia macho. Hawe alicheka, kicheko chake cha zamani ambacho sikuwa nimekisikia tangu nirudi.

"Mke gani huyu," akamwambia mama, "anaonyeshwa mumewe anaomba kitambulisho."

Alichota udongo kwa mkono wake, akaujaza kwenye sufuria, akafunika. Tulirudi ukingoni. Mto ulikuwa mpole siku ile, hudhurungi, unakwenda zake Ozi na baharini bila haraka. Alipandishwa mtumbwini kwanza yeye, kisha nikampa sufuria akaiweka mapajani. Kabla hatujaachia ukingo aliutoa mfuniko, akaingiza mkono ndani, akauweka juu ya udongo. Nikamwambia udongo hautamwagika, mtumbwi umetulia, afunike tu.

"Najua," alisema. "Yeye ndiye hajui."

Na hakuutoa mkono ule mpaka tulipofika ng'ambo.